Nikigeukia ukutani anadhani nina mwanamume mwingine

Mama Mshauri, shikamoo.

Naandika usiku, wenzangu wamelala. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, tunaishi Tanga. Mume wangu ana miaka 47. Ni fundi cherehani, na kwa kanzu na suti za harusi mtaani kwetu hana mpinzani. Mwaka huu ni wa 13 tangu tuoane. Sijawahi kulala njaa kwake wala hajawahi kuninyanyulia mkono. Nayatanguliza haya usije ukadhani nimekaa kumsema vibaya.

Shida ni kinywa chake. Kinanuka. Si ile harufu ya mtu aliyetoka usingizini, hiyo sote tunayo. Ni harufu nzito, kama ya nguo mbichi iliyosahauliwa ndani ya ndoo, na haiondoki hata akishapiga mswaki. Ilianza polepole, yapata miaka miwili sasa. Kwanza niliona damu kwenye mswaki wake, halafu nikaanza kuona madoa kwenye foronya. Fizi zake zimevimba zinang'aa, na za chini kwa mbele zimeshuka hadi meno yanaonekana marefu. Jino moja hapo linacheza. Mahindi ya kuchoma aliyokuwa akinunua kila jioni akishafunga kibanda ameyaacha, na mkate hali mpaka auchovye kwenye chai. Ufizi ukitunga usaha, anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili, anakunywa siku mbili tatu, uvimbe unanywea. Mwezi ukigeuka umerudi. Mwaka jana aliacha sigara, nikamshukuru Mungu, lakini sasa anasema tangu aache ndiyo damu imezidi, bora angeendelea kuvuta.

Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya huyu mdogo fizi zilinitoka damu, nikajifungua, zikaacha. Kwake haziachi. Anapiga mswaki asubuhi tu, na wakati mwingine nahisi ni uvivu, kwamba hajijali.

Sijamwambia kitu. Usiku nageukia ukutani. Zamani tulikuwa tukizungumza mpaka usingizi utuchukue, sasa akinisogelea najifanya nimelala. Na kulala kwenyewe ni kwa shida, maana huamka mara tatu nne kwenda chooni, na ile chupa ya maji ya lita moja na nusu anayoiweka kando ya kitanda asubuhi huwa tupu. Mwezi uliopita nilimkuta ameshika simu yangu. Akaniuliza, "Ni nani?" Nikamwambia sielewi. Akasema, "Huyo ambaye kwa ajili yake unanigeuzia mgongo." Nililia, yeye akatoka nje, na hatujalizungumza tena.

Binti yetu wa miaka 9 alimwambia siku moja, "Baba, unanuka mdomo." Alicheka. Lakini tangu siku ile hamsimulii tena hadithi kabla ya kulala. Hata kibandani mambo yamebadilika. Alikuwa akimpima mteja kwa mkono wake, shingo, mabega, kifua, huku akipiga soga. Siku hizi futi kamwachia mwanafunzi wake, yeye anakaa kwenye mashine anaandika vipimo. Anasema mgongo unamsumbua.

Mama mkwe anasema meno ya ukoo wao ndivyo yalivyo, baba yao alifika miaka 50 hana jino kinywani, basi ang'oe yaishe. Jirani yangu anasema nisithubutu kumpeleka kusafishwa, yeye alisafishwa meno hospitali yakaanza kulegea. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, nilimdokeza, akasema nimwachie yeye atamwambia. Kikoba nina akiba kidogo niliyoweka kwa ajili ya bati. Nikimwambia naogopa nitamvunja moyo. Nisipomwambia, anaamini namsaliti. Nifanyeje?

Mke wa Fundi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaenda nayo kwa daktari wa meno ninayemwamini, nikamsomea bila kutaja mji wala kazi. Kwa hiyo nitakayokuambia juu ya fizi nimeyapitisha kwake. Ya ndoa ni yangu.

Unavyoliona wewe, uko kati ya mambo mawili: kusema na kumwaibisha mtu uliyeishi naye kwa heshima miaka 13, au kunyamaza na kuacha dhana ya usaliti iote mizizi. Naelewa kwa nini hupati usingizi. Ila barua yako imebeba vitu viwili ambavyo nadhani uliviandika bila kuvipa uzito, na nataka tuvitazame kabla ya kufika kwenye swali lako.

Cha kwanza ni futi.

Unaniandikia kana kwamba mumeo hajui. Hebu isome tena ile habari ya kibandani. Fundi akimpima mtu shingo husimama naye uso kwa uso, futi inazunguka nyuma ya ukosi, na pumzi ya mmoja inampiga mwenzake. Mtu aliyependa kazi hiyo, tena akiifanya kwa soga, amemkabidhi futi kijana na kujikalisha mbali. Huenda ni mgongo kweli, na mimi simkanushi. Lakini ukiiweka habari hiyo pamoja na hadithi za mtoto zilizokoma siku ileile aliyoambiwa ananuka, mimi namwona mtu anayejua, au anayeshuku sana, na ameamua kuibeba aibu yake peke yake. Kama ni hivyo, basi huendi kumpasulia habari mpya. Unakwenda kumfungulia mlango alioufunga kwa ndani. Si kazi nyepesi, lakini si ile uliyokuwa ukiiogopa.

Na neno uvivu, mwanangu, liweke pembeni kwanza. Anapiga mswaki mara moja kwa siku, kweli, na daktari angependa mara mbili, hasa usiku kabla ya kulala. Ila mtu ambaye kila akigusa ufizi anaona damu huanza kuugusa juu juu, akiamini mswaki ndio unaomuumiza. Hapo ndipo ugonjwa unapomtega. Damu ile hutoka kwa sababu ufizi umewaka, yaani umevimba kwa ugonjwa, na umewaka kwa sababu pale unapokutana na jino pana utando wa vijidudu usiosafishwa. Akiogopa kupasafisha, utando unazidi, na damu inazidi.

Utando huo mwanzoni ni laini, mswaki unautoa. Ukiachwa siku chache huanza kukauka na kuwa ukoga, ule ugumu wa manjano au kahawia unaogandamana shingoni mwa jino, na huo hautoki kwa mswaki hata usugue vipi. Ukiishia hapo, fizi zikiwa zimevimba na kutoa damu tu, mambo hurudi sawa: ukoga ukitolewa na usafi ukashikwa, ndani ya wiki moja au mbili ufizi unaanza kukaza. Zako za wakati wa mimba zilikuwa za namna hii. Homoni za ujauzito huufanya ufizi uwake kwa utando mdogo tu, kisha mtoto akizaliwa hutulia.

Za mumeo, kwa ulivyozieleza, zinaonekana zimevuka hapo. Jino kucheza, fizi kushuka na usaha kurudi kila mara ni dalili kwamba ugonjwa umeingia chini ya ufizi na kuanza kula mfupa ulioshika jino. Daktari hulijua hilo kwa kuingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Kuanzia 4 na kuendelea pamefanyika mfuko, na ndani ya mfuko huo ndiko inakotoka harufu unayoieleza, ambayo dawa ya meno haiifikii. Watu wengi pia huambiwa ufizi mzima ni wa rangi ya waridi, wakajitazama kwenye kioo na kupata hofu bure. Sisi Waafrika wengi tuna fizi nyeusi au za kahawia tangu kuzaliwa na ni nzima kabisa. Cha kutazama ni kama zimebadilika, zimevimba, zinang'aa au zinatoka damu.

Habari ya sigara nimeipenda kwa jinsi alivyoichunguza mwenyewe, ila kaisoma kinyume. Moshi wa sigara huzuia ufizi usitoe damu huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Akiacha, damu inarudi kwenye fizi, ndipo kilichokuwa kimejificha kinaonekana. Kuacha kwake ni jambo kubwa kuliko yote aliyokwisha kulifanyia kinywa chake. Tafadhali mwambie hivyo hata kama hutamwambia kingine chochote wiki hii, maana mtu anayesema "bora ningeendelea" yuko karibu na kiberiti.

Kitu cha pili ni chupa.

Umeitaja kama sababu ya wewe kukosa usingizi. Mtu wa miaka 47 anayeamka mara tatu nne kukojoa na kumaliza lita moja na nusu ya maji kila usiku anahitaji kupimwa sukari, mdomo unuke au usinuke. Mimi sipimi mtu kwa barua, na huenda ni joto la Tanga tu. Lakini nilipomsomea daktari mstari ule aliweka kalamu chini. Kisukari na ugonjwa wa fizi hulishana. Sukari ikiwa juu mwili hushindwa kupambana na vijidudu, vidonda haviponi vizuri na mfupa huliwa haraka. Kinywa nacho kikiwa na uwakaji wa miaka, sukari inakuwa ngumu kushuka. Kipimo ni tone la damu kidoleni, na kinafanyika hata zahanati. Akipimwa asubuhi hajatia kitu kinywani na ikasoma 7.0 au zaidi kwa kipimo cha mmol/L, hurudiwa kuthibitisha. Wako watu waliotibiwa fizi mwaka mzima bila mafanikio kwa sababu hakuna aliyeuliza habari za usiku wao.

Sasa jirani yako. Hasemi uongo, meno yake yalilegea kweli, au aliyahisi hivyo. Mara nyingi inakuwa hivi: ukoga ukishakuwa mnene unajaza mianya na kuyashikanisha meno kama udongo uliokaukia kwenye nguzo zilizooza. Ukitolewa, mgonjwa anapitisha ulimi na kukuta nafasi ambazo hakuwahi kuziona, uvimbe umenywea, na maji baridi yanamchoma. Anaamini kusafishwa ndiko kulikomharibia, kumbe mfupa ulikwisha kuondoka zamani. Mumeo aambiwe hayo kabla hajakaa kwenye kiti, si baada. Kwa hali kama yake haitakuwa kusafisha kwa juu tu. Atapigwa ganzi, ukoga utakwanguliwa hadi kwenye mizizi chini ya ufizi, pengine upande mmoja leo na mwingine siku nyingine, kisha ataitwa tena baada ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu wapime mifuko imepungua kiasi gani. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi, na sitakuficha kwamba jino moja linaweza lisiokoke. Lakini ugonjwa unaweza kusimamishwa, na meno yaliyoanza kucheza kidogo mara nyingi hukaza baada ya uvimbe kuisha. Baada ya hapo ni mazoea ya maisha: mswaki laini, dakika mbili, ukielekezwa ufizi unapoanzia, uzi wa meno au vile vibrashi vidogo vya kupita katikati ya meno kila siku, na kurudi kwa daktari kila baada ya miezi mitatu au minne.

Vile vidonge vya rangi mbili aviache. Vinatuliza uvimbe kwa sababu vinapunguza vijidudu vilivyozagaa, ila utando uliojishikiza kwenye ukoga haviung'oi, na kunywa dozi nusu nusu kunavifundisha vijidudu kuizoea dawa. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo ya kusukutua hayana neno, humpa nafuu. Karafuu inatia ganzi, haiponyi, na mafuta yake yakipakwa bila kuchanganywa na kitu huunguza ufizi. Mkaa na mchanga, hapana kabisa. Na kama siku yoyote uso ukimvimba, akapata homa, au akashindwa kufungua kinywa au kumeza, msisubiri kesho wala kikoba. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mama mkwe nenda taratibu, kwa sababu ana kipande cha ukweli. Ugonjwa huu huwa na asili ya ukoo, wapo watu ambao miili yao huupokea kwa ukali. Lakini swali ambalo nisingemuuliza mbele ya watu ni hili: marehemu baba yao alivuta sigara? Aliwahi kupimwa sukari? Huenda kilichorithiwa si kukosa meno. Na hilo linawahusu hata shemeji yako na watoto wako.

Sasa kusema. Nakuwekea njia ninazoziona, uzipime wewe unayemjua mtu wako.

Unaweza kumwachia shemeji. Mwanamume kwa mwanamume, tena ndugu, huenda akasikika. Hofu yangu ni moja: siku mumeo atakapojua kwamba ninyi wawili mlikaa mkazungumza kinywa chake, na atajua tu, ile aibu aliyoificha itakuwa imetembea nyumba ya pili. Na kwa mtu ambaye tayari anauliza "ni nani", siri yako na mwanamume mwingine, hata akiwa ndugu yake, inaweza kusomeka vibaya.

Unaweza kuanzia kwenye sukari, uache mdomo. "Baba, unaamka sana usiku, naogopa, twende tukapime." Hakuna aibu hapo, kuna mke anayemjali mumewe, na si uongo. Udhaifu wake ni kwamba ikisoma sawa mmebaki palepale, naye bado hajapata sababu ya mgongo unaomgeuzia.

Unaweza kuanzia kwenye kinywa chako mwenyewe. Hujaniambia lini mara ya mwisho wewe ulikaguliwa meno. Nenda na watoto, mwombe awasindikize. Hapo Tanga hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko karibu, na zipo kliniki za binafsi. Uliza kwanza bei, na kama mna bima uliza inalipia nini katika kutibu fizi, maana hutofautiana. Baadhi ya wanaume huingia kwa daktari kwa sababu tu wako kwenye benchi la nje tayari. Wengine hukaa kwenye benchi mpaka mwisho wakarudi nyumbani na meno yao. Wako yupi?

Na unaweza kumwambia. Nikisema kumwambia, sina maana ya neno "unanuka". Mtoto amekwisha kulisema na limefanya kazi yake. Wewe una lugha ambayo mtoto hana, kwa sababu nawe umewahi kuamka na damu kinywani. "Unakumbuka fizi zangu wakati wa mimba? Naona zako zinatoka damu muda sasa. Mimi naogopa ni ugonjwa, na nimekuwa nageukia ukutani kwa sababu ya harufu yake, si kwa sababu ya mtu." Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu. Unaweza kuisema siku hiyohiyo, unaweza kuiacha mpaka siku nyingine. Ukiiacha, kumbuka kwamba yeye bado amebaki na jibu lake alilojitungia mwenyewe kuhusu mgongo wako, na ninashindwa kukuhakikishia lipi linamuuma zaidi, harufu au hilo. Uisemee wapi pia ni jambo. Si kitandani, wala si mbele ya mtoto wala mwanafunzi wake. Pengine kibandani jioni, mashine zimeshafunikwa, mkirudi nyumbani pamoja.

Inawezekana akakasirika. Inawezekana akanyamaza siku mbili. Ile hasira usiihesabu haraka kuwa umekosea kusema.

Juu ya akiba ya bati, sitakuambia uitoe wala uiache. Nakuomba tu usilipe kwa siri. Mwanamume anayeshuku kuna jambo unamficha akigundua pesa zimetoka bila yeye kujua, hata zikiwa zimetibu meno yake, mtakuwa na mazungumzo mengine kabisa.

Na siku mtakayokwenda, kama atakubali uingie naye, ile habari ya chupa ya maji usiiache nyumbani, wala sigara aliyoiacha, wala dawa yoyote anayokunywa, ya presha ikiwemo, kwa sababu zipo zinazonenepesha fizi. Daktari yule aliniambia wanaume wengi wakikaa kwenye kile kiti hutaja jino tu.